Mashairi Yaliyopotea Njiani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyani haoni kundule. Yaliyonifika nikiwa kidato cha tatu yalinithibitishia hayo.

Ilikuwa tarehe 7 Julai 2023, Siku ya Kiswahili Duniani. Nilikuwa nimekitengenezea chama chetu tovuti ya mashairi kwa Django, ndani ya kompyuta ya shule. Wazazi walifurika ukumbini. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akamleta mamake aone shairi lake la kwanza kabisa. Nikaandika anwani ya ukurasa wa mashairi mapya, mashairi/mapya/, nikabonyeza. Lo! 404, ukurasa haupatikani.

"Wewe kijana, lazima ulikosea ulipokuwa ukiandika shairi lako," nikamwambia mbele ya watu. Akainamisha kichwa. Mamake akamshika bega, wakaondoka kimya.

Jioni nilifungua faili ya urls.py. Humo ndimo Django huelezwa kila anwani ipelekwe wapi. Huisoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini, na ikipata mstari wa kwanza unaolingana na anwani, basi, husimama papo hapo. Ya chini haiyatazami. Nami nilikuwa nimepanga hivi:

path('mashairi/<str:jina>/', shairi),
path('mashairi/mapya/', mapya),

Mstari wa kwanza hupokea neno lolote lile. Ni kama bawabu aliyeambiwa, "Kila mgeni mpeleke ofisini," kisha akaambiwa, "Wazazi wapeleke ukumbini." Mzazi gani atafika ukumbini? Kumbe Django ilidhani "mapya" ni jina la shairi, likatafutwa, likakosekana. Mstari wa pili haukufikiwa kamwe!

Nikabadilisha nafasi tu: mstari mahususi juu, wa jumla chini. Sikuongeza hata herufi moja. Mashairi mapya yakajitokeza yote, na la yule kijana lilikuwa la kwanza, limeandikwa sawasawa.

Jumatatu gwarideni nilimwomba mwalimu mlezi ruhusa, nikamtaka kijana radhi mbele ya shule nzima. Akatabasamu. "Si neno, kaka. Lakini mama alisharudi nyumbani."

Maneno hayo yaliniingia kuliko kiboko. Wenzangu, njia ikipotea, kagueni kwanza orodha mliyoipanga wenyewe kabla ya kumnyoshea mwingine kidole.