Ndege Isiyotoka Nyumbani

Neno "mchezo" huwapoteza wazazi wengi, wakadhani kila kionekanacho katika kompyuta ni adui wa daftari. Microsoft Flight Simulator 2024, mchezo wa kuiga urushaji wa ndege uliotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, wastahili kupimwa kwa mizani nyingine.

Ulipotolewa tarehe 19 Novemba 2024, wachezaji walifurika hata mitambo ya kuwahudumia ikalemewa. Siku chache baadaye nami niliujaribu pamoja na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu atamaniye urubani. Tulipaa kutoka Entebbe kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na Ziwa Viktoria likatandaa chini yetu.

Ninachokisifu si uzuri wa mandhari bali ukali wa somo. Kijana aliinua pua ya ndege kupita kiasi. Mwendo ukapungua, ndege ikatetema, kisha ikaporomoka.

"Mjomba, mbona injini ingali inanguruma?" aliuliza.

Swali hilo ndilo mlango wa elimu. Nilimweleza kwamba ndege haishikiliwi angani na ngurumo, bali na hewa ipitayo mabawani kwa pembe ifaayo. Pembe ikizidi, hewa hutengana na bawa, na mwenye kutaka kuokoka sharti kwanza ashushe pua. Maelezo ambayo darasani yangehitaji ubao mzima, aliyashika papo hapo.

Hata hivyo, mchezo huu una gharama zake. Picha za ardhi huletwa kwa intaneti kadiri ndege isongavyo, hivyo hula data kwa pupa. Tena, aangukaye humo hubonyeza kitufe akaanza upya. Angani hakuna kitufe hicho. Wala mchezo si leseni, na karo ya chuo cha urubani imeizidi mbali mishahara yetu.

Je, nimkataze kijana kuota? La. Tumepatana kwamba ataruka Jumamosi tu, baada ya kumaliza hesabu na fizikia, na kila anapoanguka ataandika sababu daftarini. Asipokuwa rubani, atakuwa amejifunza kutafuta chanzo cha kosa kabla ya kulaumu chombo.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaizima kompyuta, keti kwanza kando ya mwanao umwulize ndege yake imeangushwa na nini.