Siku Friza Lilipowaka Moto, Hatukuwepo Nyumbani

Ushuhuda huu nauandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Huenda ni wewe. Nyumba yako imeungua, uko kwa ndugu, unalalia godoro la kuazima, na kila anayekuja kukupa pole anamalizia kwa swali lilelile: mliacha nini kimewashwa? Mimi niliulizwa hilo mpaka nikawa naogopa wageni.

Tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Baba Neema ni dereva wa daladala. Mimi nauza barafu za ukwaju na ubuyu, maji baridi, na samaki wa kugandisha wakipatikana kwa bei nzuri. Biashara yangu yote ilikuwa ndani ya friza moja la mtumba, la mfuniko wa juu, tuliloliweka sebuleni kwa kuwa jikoni hapakutosha. Ada za watoto zilitoka humo. Saruji ya chumba cha tatu ilitoka humo. Na friza halizimwi. Ukilizima, barafu inayeyuka, samaki wanaharibika, mtaji umekwenda. Ukienda sokoni, kanisani au msibani, unaliacha linanguruma. Sijaona nyumba yenye friji inayofanya vingine.

Siku yenyewe umeme ulikatika asubuhi. Nikafunga mlango, nikaenda Feri kufuata samaki. Baba Neema alikuwa barabarani tangu alfajiri. Kaka yake Neema, Yona, alikuwa sekondari na hurudi jioni. Neema alikuwa darasa la pili, anatoka shule mchana. Ufunguo anauchukua kwa jirani yetu, Mama Shija, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Anafungua, anakula nilichomfunikia mezani, analala. Mimi narudi namkuta amelala.

Umeme ulirudi mchana.

Nilikuwa nimeshapanda gari la kurudi, ndoo ya samaki iko miguuni, simu ikaita. Mama Shija. "Mama Neema, uko wapi? Nyumba yenu inatoa moshi." Nikamuuliza, Neema yuko wapi? Akanyamaza. Kisha akasema, "Ufunguo haupo kwenye msumari."

Mlango wetu ni wa kitasa. Huwezi kujua kwa kutazama nje kama kuna mtu ndani. Ufunguo usipokuwepo kwa Mama Shija, maana yake Neema ameingia.

Simu ikakatika.

Tulikuwa Mtoni kwa Aziz Ali, foleni imesimama. Nilitaka kushuka nikimbie kwa miguu. Kondakta akaniuliza, mama vipi? Nikashindwa kusema. Nikasema, mtoto. Dada mmoja aliyekaa kando yangu alinishika mkono, hakuuachia mpaka Rangi Tatu. Simjui mpaka leo, Mungu ambariki popote alipo. Nilijaribu kusali. Mimi ni mzee wa jumuiya, nimeombea wagonjwa, nimeongoza ibada za nyumba kwa nyumba. Maneno hayakuja. Nilisema Yesu. Yesu. Basi.

Nilipofika uchochoroni niliuona moshi. Mweusi. Mzito. Unatoka chini ya bati. Vijana wa mtaani walikuwa wameshakata umeme, wanarusha mchanga na maji ya ndoo. Mlango walikuwa wameuvunja, lakini hawakuweza kupita sebuleni. Kuta za friza zina sponji ngumu ndani, ile inayotunza baridi. Ikishika moto hutoa moshi wa sumu unaokaba koo kabla hata hujaona moto wenyewe. Kijana mmoja alijaribu kuingia, akatoka anatapika. Na chumba cha watoto kiko nyuma ya sebule. Dirisha lina nondo.

Nikaita jina la Neema. Wanaume wawili wakanishika. Mmoja nilimng'ata mkono. Alama anayo hadi sasa, na bado ananiita mama.

Mtu alishapiga 114. Gari la zimamoto likafika, askari wakavuta mpira kwa miguu kupitia uchochoro. Baba Neema naye akafika. Hakuuliza kitu. Alivua shati, akalichovya kwenye ndoo, akataka kuingia. Wakamzuia. Askari mmoja akaingia na mtungi wa hewa mgongoni. Akatoka, akatikisa kichwa. Akarudi ndani.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikulia. Jua la saa nane, na mimi nilisikia baridi, meno yanagongana. Mama mkwe alikuwa Kongowe, nikawaza nani atampigia. Nikawaza sare nyingine ya Neema iko kwenye kamba, haijakauka. Mawazo ya namna hiyo. Sikuweza kuwaza lile lenyewe.

Askari akatoka mara ya pili. Akavua kifuniko cha uso. "Mama, vyumbani hamna mtu. Nimetazama chini ya vitanda, nimefungua kabati. Hamna mtu."

Sikumwamini. Ufunguo, nikamwambia. Ufunguo anao yeye.

Ufunguo alikuwa nao kweli. Ulikuwa mfukoni mwa sketi yake ya shule. Alikuwa ameuchukua kwa Mama Shija, akavuka uwanja, na kabla hajafungua mlango baba yake mdogo akapita na bodaboda, akamwambia bibi anamuulizia, twende Kongowe ukamsalimie. Baba mdogo alinipigia simu kunijulisha, sikupatikana, na simu yake ikaisha chaji. Sisi tulikuwa tunamtafuta kwenye moto, naye yuko kwa bibi yake. Walirudi jioni kidogo. Nilimwona anashuka kwenye pikipiki ana kipande cha mua mkononi, anashangaa watu wamejaa kwetu. Baba Neema alipiga magoti palepale njiani, mbele za watu. Mimi miguu ilikataa kusimama, wakamleta nilipo.

Ndugu msomaji, mengine yote tuliyoyapoteza nayataja haraka. Friza, samaki, makochi, televisheni, vyeti vya Baba Neema, bati za sebule. Vyumba vilibaki na masizi tu.

Siku ya pili fundi umeme alikuja pamoja na askari wa zimamoto, wakatuonyesha moto ulikoanzia. Ulianzia kwenye plagi. Friza lilikuwa limechomekwa kwenye ekstensheni, kama yanavyochomekwa mafriza mengi mtaani kwetu, kwa kuwa soketi ya ukutani iko mbali. Fundi alifungua mabaki ya ekstensheni, akanionyesha vile vibati vya ndani vinavyobana miguu ya plagi. Vilikuwa vimelegea, vimepinda, vimekuwa vyeusi kama mkaa. Akanieleza taratibu. Plagi isipobanwa vizuri, umeme unapita kwa shida, na mahali hapo hupata moto. Umeme unaporudi baada ya kukatika, kila nyumba inavuta kwa mpigo na nguvu inakuwa ndogo. Kompresa ya friza inajaribu kuwaka, inashindwa, na katika kung'ang'ana huko inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Inazima, inapoa, inajaribu tena. Kila ikijaribu, plagi inazidi kuchemka. Mtu akiwepo atasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kwetu hapakuwa na wa kuisikia.

Nilishukuru kuelezwa hivyo, lakini maneno ya watu hayakuisha. Wengine walisema tumezoea kuacha vitu vimewashwa. Wengine walisema mwanamke wa biashara hakai nyumbani. Baba Neema hakuwahi kuniuliza neno. Mama mkwe alitupokea Kongowe, akanipa chumba chake mwenyewe, na mtu akianza lile swali mbele yake anamkatisha: "Friji linazimwa?" Nikaishi kwa maneno hayo mawili ya mzee, maana yangu mimi yalikuwa yamekwisha.

Aliyenitoa zaidi kwenye aibu ni mdogo wangu, mtu wa kusoma sana. Alinisomea habari za jengo la Grenfell Tower, London. Usiku wa Juni 14, 2017 moto ulianzia kwenye friji, jikoni mwa mpangaji mmoja wa ghorofa ya 4. Ukatokea dirishani, ukashika vibao vilivyobandikwa nje ya jengo, ukapanda. Watu 72 walikufa. Mpangaji yule aliamshwa na king'ora cha moshi, akapiga simu zimamoto, akawagongea majirani milango. Bado kuna watu walimnyooshea kidole. Lakini tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Oktoba 2019, iliandika wazi kwamba yeye hana lawama yoyote. Hapo ndipo nilipolia. Tangu siku ya moto nilikuwa sijalia.

Jumuiya ilichanga bati na mbao. Wenzangu wa kikoba walinikopesha kabla zamu yangu haijafika. Tukarudi kwetu, na nikanunua friza jingine, maana watoto wanakula. Siku tuliyoliwasha nilisimama nje.

Sasa linakaa hivi. Fundi alivuta waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la meinswichi, lenye breka yake, mpaka soketi ya ukutani. Friza halitumii ekstensheni tena. Katikati kuna kile kifaa cha kulinda friji: umeme ukirudi kinasubiri dakika chache, na ukiwa mdogo mno au mkubwa mno hakiupitishi. Nyuma ya friza nimeacha nafasi ya hewa, na pazia haliligusi. Kila Jumamosi naishika plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu kidogo sina hofu, lakini ikichoma mkono nitaita fundi siku hiyohiyo. Vingine vyote vinachomolewa mtu wa mwisho akitoka: pasi, jagi la umeme, jiko la wali, feni, televisheni, chaja za simu, hasa zile za kitandani. Umeme ukikatika tukiwa na pasi mkononi, tunachomoa kwanza ndipo tuulize lini utarudi. Ekstensheni iliyobaki imeandikwa ampea 13, yaani kama wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230, na jagi la umeme peke yake laweza kula wati 2,000. Yona amezipiga hesabu hizo kwa chaki nyuma ya mlango ili kila mtu azione. Nimemwomba fundi atuwekee pia king'ora cha moshi sebuleni. Naambiwa ni kidogo tu, kinatumia betri. Na dirisha la watoto limewekewa nondo zinazofunguka kwa ndani.

Ufunguo wa Neema bado unakaa kwa Mama Shija, lakini sasa akiuchukua lazima nipigiwe.

Wewe uliyeunguliwa juzi, usione haya kula chakula cha watu. Kubali kulala kwao. Mimi nilichelewa kukubali, nikawaumiza walionipenda. Na ukiwa na mtoto, mwache alale karibu nawe kwa muda. Neema alilala katikati yetu mpaka alipoomba mwenyewe kurudi kitandani kwake.

Nimepona kwa sehemu kubwa, utukufu kwa Mungu. Ila umeme ukikatika usiku silali. Navizia urudi, nanusa, nainuka kugusa ukuta. Mniombee kwa hilo.