Gego Halikuwa na Hatia

Maumivu ya mbele ya sikio hayana mwenyewe. Daktari wa masikio ataona sikio, wa meno ataona jino. Mwaitu alipitia wote wawili. Kitui mjini alipewa dawa ya matone, kisha kliniki nyingine ikamng'oa gego. Gego likatoka, maumivu yakabaki palepale. Nililiangalia likiwa kwenye pamba: halikuwa na shimo hata moja.

Hapo mbele ya sikio ndipo taya la chini linapoungana na fuvu. Weka kidole, ufungue mdomo; utahisi kitu kikisogea. Kiungo hicho hakifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu. Kinazunguka na pia kinateleza mbele, na katikati ya mifupa kuna kisahani kinachopunguza msuguano. Kisahani kikihama, taya hualika au hukwama. Misuli ya kutafuna ikikazwa mno, maumivu hupanda hadi kwenye kipaji. Mwaka wa 1934 daktari Mmarekani, James Costen, alieleza maumivu haya na kulaumu kukosekana kwa magego. Maelezo yake yalishaachwa. Lakini fikiria: yeye alilaumu pengo, sisi tukaongezewa pengo.

Tulivuka hadi Wote, kwa shangazi, na huko tukapata daktari wa meno asiye na haraka. Hakushika koleo. Alibonyeza mashavu na panja, akasikiliza kiungo, akamwambia Mwaitu afungue mdomo. Mtu mzima kwa kawaida huingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Vya Mwaitu viliingia viwili, kwa shida. Eksirei ilipigwa ili kuhakikisha mfupa ni mzima, basi.

Kisha akauliza, "Mama, usiku unalala vipi?"

Mwaitu alinyamaza. Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu nyumba yetu ina ukuta mmoja wa mabati kati ya vitanda: alikuwa anasaga meno. Nilianza kumsikia mwaka ule karo iliposhindikana nikarudi kutoka kampasi. Mvua nayo ilikuwa imekataa, mbuzi wameuzwa. Hakuwahi kulalamika mbele yangu hata siku moja. Kumbe alikuwa anatafuna gizani yale asiyoyasema.

Daktari hakusema karo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Alisema huwa kuna sababu zaidi ya moja, na wasiwasi huongeza kukaza taya. Tiba haikuwa ya ajabu: kitambaa cha moto, vyakula laini kwa muda, isyo ingoje, asipige miayo kwa kupanua mdomo sana, na mazoezi ya kufungua polepole. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Wengi hupata nafuu kwa njia hizi bila upasuaji. Kuna pia kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, inayochongwa kwa vipimo vya meno ya mtu.

Sasa anakula muthokoi tena, ulioiva sawasawa. Taya bado hualika, lakini mwaliko usio na maumivu hauhitaji kutibiwa. Gego ndilo halirudi. Kwa hivyo ukiambiwa jino ling'olewe, uliza kwanza: ni nini kinachoonyesha kwamba ni hili? Swali hilo halimkosei daktari heshima.