Alasiri Tulizozipoteza

Enzi za Mwalimu Nyerere, ofisi za serikali Dar es Salaam zilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa nane na nusu mchana. Mtumishi aliyekaa Magomeni, Ilala au Temeke, saa tisa haijapita sana keshafika kwake, keshanawa mikono, wanawe wamekaa mkekani wanamsubiri. Baba yangu alikuwa karani, nasi tulikaa Magomeni. Akishakula alijilaza kidogo, akaamka kwenda msikitini kuswali Alasiri, na akitoka huko alikuwa wetu mpaka usiku. Madaftari yetu aliyakagua yeye. Bao alicheza barazani na majirani, mgonjwa wa mtaa alimjulia hali siku hiyo hiyo, na kama kuna msiba alikuwapo tangu kuchimba kaburi.

Binti yangu anafanya kazi Posta, katikati ya mji, na anakaa Goba, pembezoni. Mtu hudhani kwamba ukiwa na gari lako si mbali. Anatoka nyumbani kungali giza ili awahi kabla barabara haijafunga. Mwanawe, darasa la pili, anachukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, anamalizia usingizi akiwa ameegemea dirisha. Wanaonana tena saa mbili usiku, mmoja amechoka, mwingine anasinzia juu ya sahani. Madaftari anayakagua dada wa kazi. Jirani yake akifiwa, binti yangu hupata habari Jumamosi.

Foleni ya Dar es Salaam huzungumzwa sana kwa hesabu ya mafuta yanayoungua na mabilioni yanayopotea. Hesabu hiyo ni ya kweli. Mimi kinachoniuma ni ule mchana. Wazazi wetu, kwa mishahara midogo na sukari ya foleni, waliwalea watoto wao mchana kweupe. Sisi tumewajengea wetu nyumba kubwa, tukawapa wazazi wanaowaona usiku.

Sensa ya 1967 ilikuta watu 356,286 katika eneo la mkoa wa leo wa Dar es Salaam. Ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Mji wowote ungehema. Lakini wingi wa watu peke yake hausababishi foleni. Foleni husababishwa na wote kwenda upande mmoja saa ile ile. Mji huu ulipangwa na wakoloni kuzunguka bandari, na barabara zake kubwa zinatoka pale kama vidole vya kiganja kilichofumbuliwa: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na ya Kilwa. Watu walipoongezeka walisogea nje, wakifuata viwanja vya bei nafuu mpaka Mbagala, Chanika, Kibamba, Bunju. Kazi hazikusogea. Benki zilibaki Posta, biashara ya jumla ilibaki Kariakoo, rufaa za wagonjwa zilibaki Muhimbili. Mtu alinunua shamba la mihogo akajenga, akahamia kabla ya barabara, kabla ya shule, kabla ya soko, na kila alichokihitaji akawa anakifuata kwenye kiganja kwa kupitia kidole kimoja.

Kati ya vidole hivyo hakuna njia nyingi za kupenyea. Makazi yaliota bila ramani, nyumba kwa nyumba, vichochoro vya kupita bodaboda na maji ya mvua. Kwa hiyo hata mtu wa Tabata anayekwenda Sinza, safari ambayo haihusiani na mjini, hulazimika kuingia barabara kubwa na kumzibia mtu wa Mbezi anayekwenda Posta. Kila barabara ya mtaani inayowekwa lami na kuunganishwa na jirani yake inaondoa safari nyingi pale Ubungo, ingawa haipati mkasi wala utepe. Ningefurahi zaidi kuona fedha zikienda huko.

Nije kwenye mabasi, kwa sababu hapo ndipo tulipopoteza kikubwa.

UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lilizaliwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya DMT kugawanywa, upande mmoja mabasi ya mjini na mwingine KAMATA ya safari za mikoani. Kizazi changu kinalikumbuka zaidi kwa Ikarus za Hungaria, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati, tuliyoyaita kumbakumba. Sisi wanafunzi tulipenda kusimama pale kwenye kiungo, sakafu inazunguka basi likikata kona. Basi lilisimama kituoni, si popote. Dereva alikuwa mwajiriwa, mshahara wake ulikuwa ule ule basi likijaa au likiwa tupu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumkimbiza mwenzake wala ya kukaa kituoni robo saa akisubiri abiria wa mwisho. Mwanafunzi alilipa nauli yake ndogo na akapanda kama mtu mwingine.

Sitaki kuipamba enzi hiyo kuliko ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni, vipuri vikakosekana, na basi likiharibika liliegeshwa karakana likawa ghala la vipuri vya mengine. Watu walisimama vituoni mpaka miguu ikavimba. Magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta; sisi watoto tulifurahi kucheza mpira barabarani, wakubwa hawakufurahi hata kidogo. Wengi walitembea kwa miguu kutoka Magomeni mpaka Kariakoo kupitia Jangwani. Shirika lilikuwa sahihi na lilikuwa linaumwa. Dawa yake ilikuwa kulitibu.

Badala yake serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na kufikia 1983 yalikuwa kazini. Ndipo zilipokuja chai maharage, pikapu zenye mabenchi mawili abiria wakitazamana, na daladala, zilizopewa jina kwa ile shilingi tano ya nauli, iliyoitwa dala. Sina neno baya kwa watu waliofanya kazi hiyo. Waliusafirisha mji wakati hakuna mwingine. Lakini utaratibu ulioota pale ndio ulioziba barabara zetu, na inafaa ueleweke, kwa maana lawama zote humwangukia dereva.

Daladala ina tajiri, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, kiasi kile kile, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni ya dereva, faini ya trafiki ni ya dereva, na posho ya kondakta na ya deiwaka, kibarua wa siku anayempokea, inatoka humo humo. Kinachobaki ndicho chakula cha wanawe. Basi atafanya nini? Asubuhi atakaa kituoni injini inaunguruma mpaka mtu wa mwisho asimame mlangoni, nyuma yake yamepangana magari mengine matano, na wapiga debe wanaitia. Akishaondoka atakimbia, atachomekea, atapanda juu ya bega la barabara, kwa sababu mwenzake akimtangulia kituo cha mbele atawachukua abiria wake. Akiona foleni imemlaza, atakatisha ruti na kuwashusha watu njiani ageuze. Jioni watu wa Kariakoo hupanda gari linaloelekea kwingine, wakalipa nauli mara mbili na kugeuza nalo, ili tu wapate kiti. Na mwanafunzi anayelipa nauli pungufu anakuwa hasara ya mlangoni. Kondakta anamzuia kwa mkono, anasema wawili tu, wengine subirini. Nimewaona watoto wa sare wamesimama kituoni mpaka kengele ya shule inalia huko iliko.

Mwenye uwezo, akichoka na hayo, hununua gari. Miaka ya tisini milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakaja kutoka Japani kwa meli, na kwa mara ya kwanza mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara mdogo waliweza kuota gari la kwao. Haikuwa anasa. Ilikuwa kukimbia kugombania mlango. Ila basi la watu sitini likibadilishwa kuwa magari madogo ya mtu mmoja mmoja, mtaa mzima wa lami unajaa kwa kubeba watu wale wale. Basi nalo likakwama nyuma ya magari hayo, likazidi kuchelewa, na mwingine akaona naye heri anunue.

Mizigo ilihama vilevile. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, ilibeba shaba ya Zambia mpaka bandarini bila kugusa barabara zetu. Reli ilipodhoofika, makontena yakapanda semitrela. Leo lori la Lubumbashi au Ndola linatoka bandarini kwa barabara ya Mandela na kukutana na mtu wa Tabata anayewahi kazini, wote wakiwa kwenye mataa yale yale. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, imejengwa ili mzigo utoke Dar es Salaam kwa treni na malori yauchukulie huko. Hilo nalitazama kwa matumaini, ikiwa treni zitakwenda kila siku.

Majibu mengine yamekuwa ya zege. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa 2016, la juu la Mfugale pale TAZARA 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Sherehe za Uhuru za 2015 zilifutwa na shilingi bilioni nne zikapelekwa kupanua kipande cha Mwenge hadi Morocco. Kimara hadi Kibaha barabara ikawa ya njia nane, na nyumba za watu zilivunjwa kuipisha. Kazi hizo zina faida. Aliyepita Ubungo kabla ya daraja anajua. Hata hivyo, gari linalopita Ubungo haraka linawahi kufika Magomeni, na Magomeni hakujapanuka. Kisha barabara inapokuwa nzuri, viwanja vya Kibaha vinaanza kutangazwa kuwa viko karibu na mji, watu wananunua, na baada ya miaka michache njia nane zimejaa. Hata wizara zilipohamia Dodoma kuanzia 2016, barabara hazikupumua. Waliobaki walikuwa wengi mno, na wote walikuwa bado wanaelekea Posta na Kariakoo.

Kuna kitu kidogo ninachokiona kila siku nacho ni cha bure kukirekebisha. Kwenye makutano, taa zinafanya kazi, lakini askari anasimama katikati na kuyaongoza magari kwa mkono, anaruhusu upande mmoja kwa muda mrefu mno. Upande uliosimamishwa unarefuka mpaka unaziba makutano ya nyuma, na ya nyuma yanaziba ya nyuma yake. Taa zingepangwa kusomana, kila upande ukapewa zamu fupi, foleni zisingekutana.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza, kilomita ishirini na moja hivi kwa jumla, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Nilipanda wiki zile za mwanzo. Basi refu lenye kiungo katikati, njia yake peke yake, linasimama kituoni tu, dereva mwajiriwa. Lilikuwa lile lile tuliloliacha life, limerudi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Watu wa Kimara walifika Posta na kurudi jua lingali juu. Nilimwona mama mmoja akishuka Manzese na samaki wabichi wa Feri, akasema leo atapika mwenyewe.

Baadaye mabasi yakawa machache kuliko abiria, vituo vikafurika, na mvua kubwa zikawa zinalifunga bonde la Jangwani, ambako karakana yenyewe ilijengwa, hali maji ya Msimbazi kila mzee wa Magomeni anayajua yanakopita. Barabara ya Kilwa ilijengewa njia zake za mwendokasi, zikakaa muda mrefu bila mabasi huku watu wa Mbagala wakiingia daladala kupitia madirishani. Haya ndiyo yanayonisononesha kuliko foleni ya kukosa barabara, maana hapa barabara ipo, dawa ipo mkononi.

Treni nayo tunayo. Oktoba 2012 ilianza ile iliyoitwa treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine ya TAZARA. Ilipita Buguruni na Tabata juu ya reli iliyokuwepo. Njia za reli hazihitaji kubomolea mtu nyumba. Zinahitaji mabehewa na ratiba ambayo mtu anaweza kuiamini akaacha gari.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanza na daraja jipya. Ningeanza na mshahara. Madereva wa mabasi yote ya mjini, ya serikali na ya watu binafsi, wawe waajiriwa wanaolipwa kwa safari waliyoimaliza kwa wakati, na tajiri alipwe na mji kwa kilomita zilizotembewa na basi lake, nauli ziingie mfuko mmoja. Siku hesabu ya jioni ikifutwa, hakuna atakayekuwa na haja ya kuziba kituo. Na katika mfuko huo huo pengo la nauli ya mwanafunzi lilipwe, mwenye basi apate kamili, ili kondakta amhesabu mtoto kama abiria mwingine na amfungulie mlango.