Safari Yetu ya Bwawa la Nyumba ya Mungu

Tuliondoka Moshi alfajiri, tukafika Mwanga, kisha tukaiacha njia kuu tukaelekea magharibi katika nchi kavu ya miiba na vumbi. Mara tukaona maji mengi yametanda mbele yetu, na ng'ambo yake mbuga za Simanjiro, malisho ya Wamasai. Mwenzetu mmoja, aliyedhani kwa jina lile atakuta kanisa, alichekwa sana.

Ziwa hili si la asili. Hapa hukutana mto Kikuletwa, utokao pande za Meru na Kilimanjaro, na mto Ruvu, utokao Ziwa Jipe. Mwaka 1965 ulimalizika ukuta wa kuyazuia maji yao, na chini ya ukuta ndipo uanzapo mto Pangani. Maji ya masika huwekwa akiba humo, nayo hufunguliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, kama mama apimavyo unga wa ghala. Hapo ukutani huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8. Yakishuka mtoni huzungusha ya Hale, megawati 21, na ya Pangani, megawati 68. Maji yale yale, kazi mara tatu! Na tangu mwaka 2025 hupelekwa kwa mabomba hata Mwanga na Same, wapate kunywa.

Basi, pwani ya ziwa tulimkuta mzee mvuvi akishona nyavu chini ya mti. Akatukaribisha, akatuonyesha kapu lake: perege wanane, wadogo kama kiganja.

Akasema, "Walimu, nilipokuwa kijana tulitupa wavu mara moja, mtumbwi ukalemewa. Mwaonaje pale penye mbuzi? Ndipo nilipokuwa nikifunga mtumbwi."

Tukamwuliza, "Ni mvua, mzee?"

"Mvua nayo. Na makokoro, yanayozoa hata watoto wa samaki. Tena ninyi wa huko juu. Mnalima nini?"

Tukasema, "Mpunga."

"Kwa maji ya nani?"

Tukanyamaza. Maana vijito tunavyovifungulia mashamba yetu vyote hushukia kwake. Na kwa mpunga ule ule tumewasomesha watoto wetu.

Tulipoaga alitupa perege wawili, akakataa fedha. Alitaka neno moja tu: tuwaambie wenzetu wafunge mfereji usiku, wakati hakuna amwagiliaye. Tumekwisha kuwaambia mara mbili. Walio wengi hawajakubali.