Manyoya ya Mshale: Kutoka Eyasi hadi Ngana

Mpunga wa Ngana, wilayani Kyela, ulikuwa umekwisha kuvunwa, na uwanda ulio karibu na Mto Songwe ukawa wazi kwa kulenga shabaha. Nilikuwa na mafungu mawili ya mishale: mawano ya aina moja, chembe za uzito mmoja, manyoya ya bata mzinga. Fungu la kwanza manyoya yamenyooka sambamba na wano; la pili yamewekwa mshazari, nyuzi chache tu.

Mzee aliyekuwa akianika kakao aliuchukua mmoja wa mshazari, akaugeuzageuza.

“Mwanangu, haya manyoya yamekwenda upande. Ndivyo ulivyotaka?”

“Ndivyo, baba.”

Akaniambia kwamba silaha ya wazee wao Wanyakyusa ilikuwa mkuki, na mkuki hauhitaji unyoya. Ni kweli. Chuma cha mbele ni kizito, mti unakifuata. Mshale wa shabaha una chembe nyepesi, tena huondoka upindeni ukipindapinda. Manyoya ndiyo yanayoutuliza. Yakiwa mshazari huuzungusha kama pia, na kasoro ndogo ya wano haipati nafasi ya kuuvutia upande mmoja. Gharama yake ni mwendo, kwa kuwa hewa inayouzungusha ndiyo inayouzuia.

Kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, nilitazama Wahadzabe wakitia manyoya ya kanga na kuyafunga kwa kano za mnyama. Mwindaji wao hunyemelea hadi awe karibu, kwa hiyo mshale sharti utulie mara tu unapotoka. Wanaolenga ndani ya ukumbi, mita 18, wana shida hiyohiyo, nao huweka manyoya makubwa ya mshazari. Uwanja wa Olimpiki ni habari nyingine. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Rio mwaka 2016, alishindana katika mchezo ambao shabaha iko mita 70 na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2. Kwa umbali huo kila mwendo unaopotea huufanya mshale uanguke zaidi, na unyoya mkubwa huupa upepo mahali pa kushika.

Ngana imeniongezea jambo ambalo Eyasi, penye ukame, pasingenionyesha: unyevu. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania. Unyoya wa ndege ukilowa hulala juu ya wano, na hapo mshazari au mnyoofu ni mamoja. Gundi nayo inachelewa kukauka. Kwa masika ya huku ningetumia plastiki bila kusita, ingawa napenda unyoya wa ndege kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani.

Lakini kuna jambo moja linalopuuzwa, nalo linaniuma kila nionapo vijana wakibandika chochote walichookota. Unyoya wa ndege haunyooki hata ukiubandika sambamba na wano. Una tumbo na mgongo, upande laini na upande wa kukwaruza, hivyo huuzungusha mshale wenyewe. Wa bawa la kulia huuzungusha kulia, wa bawa la kushoto kushoto. Ukichanganya mabawa kwenye mshale mmoja, manyoya yanashindana. Ukiweka mshazari, uelekee upande wa bawa ulilotumia. Plastiki bapa haina bawa. Ikibandikwa sambamba haizungushi karibu chochote.

Alasiri upepo wa mwera ulipovuma kutoka Ziwa Nyasa, kwa mita 20 fungu la mshazari lilikusanyika vizuri zaidi. Kwa mita 70 mishale minyoofu ilipiga juu zaidi, nami sikuhitaji kuinua sana mkono. Ukumbini nitatumia mshazari. Hapa uwandani nitabaki na minyoofu, manyoya mafupi, yote ya bawa moja, na mvua ikianza nitayabandua niweke plastiki yenye mshazari mdogo.