Motokaa Nyekundu ya Mjane

Hapa Buluo, kando ya mji wa Likasi, tu watu saba wenye motokaa za zamani. Tusidhaniwe kuwa matajiri. Wawili wetu ni mafundi waliokwisha kustaafu, mmoja ni mwalimu, mmoja huendesha lori, na wengine wana kazi zao mjini. Jumamosi jioni twakutana chini ya mwembe wa fundi mzee, na mpita njia akitega sikio atasikia mambo mawili tu, kabureta na matofali. Maana kila mmoja wetu ana motokaa isiyokwisha kutengenezwa na nyumba isiyokwisha kujengwa. Wake zetu huuliza ni kipi kitakachokwisha kwanza. Hata leo hajatokea mume wa kuwajibu.

Gari nyingi za barabarani siku hizi ni za Kijapani, zenye usukani upande wa kuume, ingawa sheria yetu ni kupita kuume. Hizo ni gari za kazi, hatuna neno nazo. Sisi twapenda zile za siku ambazo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Mwenzetu mwenye Peugeot 404 hachoki kutukumbusha ya kuwa gari la namna yake lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Tena mwaka ule wa 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika saba tu. Kweli habari hii tumeisikia mara nyingi kuliko tulivyousikia mlio wa gari lake.

Lakini iliyopendeza kuliko zote ilikuwa Karmann Ghia nyekundu ya mwenzetu mmoja aliyefariki mwaka jana. Motokaa za namna hii zilitengenezwa Osnabrück, katika Ujerumani, tangu 1955 hata 1974. Umbo lake lilibuniwa na Waitalia wa nyumba ya Ghia, mjini Turin, lakini chini ya nguo hizo nzuri ni Volkswagen ile ile ya watu wote: injini iko nyuma, haina maji, hupozwa kwa upepo wa feni. Ni gari la mbio kwa sura. Mlimani lori la makaa laweza kulipita.

Shida yake ni bodi. Katika motokaa nyingine, bawa la mbele likiharibika unalifungua kwa spana na kutia jingine. Hapa sivyo: vipande vilichomelewa pamoja, na maungio yakasawazishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, hata usione mshono. Basi kutu ikiingia kandokando ya taa, hapana njia ila kukata na kuchomelea upya. Marehemu aliifanya kazi hiyo miaka minne, kwa mikono yake. Muda huo huo alikuwa akifyatua matofali ya udongo wa kichuguu (na vichuguu vya Katanga, kila mtu avijua, kimoja chaweza kutoa matofali ya nyumba nzima), akayachoma, akainua kuta hata juu ya madirisha. Hapo kifo kikamkuta. Mkewe na watoto wanne walibaki katika vyumba viwili vya kupanga, na nyumba yao imesimama bila kipaa.

Mwezi wa nane akaja mnunuzi mmoja. Akaizunguka motokaa, akagonga mlango kwa kidole, akasema kwamba yote ni mastiki, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mashimo, kwa hiyo hawezi kutoa zaidi ya bei ya chuma chakavu.

Chini ya mwembe tulibishana sana. Mwalimu alitaka motokaa ihifadhiwe kwa ajili ya kijana mkubwa, awe na ukumbusho wa baba yake. Dereva wa lori akamwuliza kama kijana huyo atalala ndani yake mvua ikinyesha. Mjane mwenyewe alikuwapo, akasema:

"Shemeji zangu, ninyi mkiitazama mwaona motokaa. Mimi naona mabati arobaini."

Baada ya neno hilo tuliacha kubishana, tukachukua sumaku. Dawa hii ni rahisi, na kila mnunuzi wa gari kuukuu aijue: funga sumaku katika kitambaa laini, uipitishe juu ya bodi. Penye chuma itashika, penye mastiki itaanguka. Ilishika kila mahali, isipokuwa mahali pa ukubwa wa kiganja juu ya gurudumu la nyuma. Injini tuliishusha siku hiyo hiyo, kwa kuwa yashikwa na bolti nne tu. Tukapima nafasi za valvu, tukatia mkanda mpya wa feni. Ikawaka.

Ikabaki habari ya shemeji yake hasa, ndugu wa marehemu, aliyedai ya kuwa gari ni mali ya ukoo. Ugomvi wa namna hii umewatoa wajane wengi nyumbani mwao. Fundi mzee hakumpigia kelele. Alimkaribisha kiti, akampa maji, akamweleza ya kuwa Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, akamwuliza mbele yetu ni mtoto yupi kati ya wale wanne atakayemnyang'anya sehemu yake. Yule bwana alinyamaza kitambo. Kisha akaomba aonyeshwe nyumba, akazipima kuta kwa hatua zake, akasema mbao za kipaa atatafuta yeye.

Mnunuzi wa pili alitoka Lubumbashi. Naye alikuja na sumaku yake mfukoni, jambo lililotupendeza. Alilipa mara tatu ya bei ya yule wa kwanza. Siku alipokuja kuichukua sote tulikuwa juu ya kipaa, na mwalimu alikuwa amekwisha kujigonga kidole mara mbili. Tulisikiliza ile injini hata ilipofika njia kuu, halafu ndugu wa marehemu akatuita kutoka chini, akiuliza misumari imebaki mingapi.